Natafuta Ule Nilioupita

Laki moja na themanini, noti zimekunjwa ndani ya soksi:
mchango wa kamati ya zahanati, na elfu kumi zaidi
za Mzee Bugingo, aliyesema, "Nunua chenye picha.
Maneno tunayo hapa, hata ya kuuza."
Nimevuka kutoka Nansio na meli ya asubuhi,
nikapanda Makoroboi viatu vimelowa
hadi duka la vitabu lenye feni isiyozunguka.

Muuzaji ananipangia vitatu juu ya kioo.

Cha kwanza kizito kama jiwe la kusagia.
Karatasi zinang'aa mpaka najiona uso.
Humo kila ufizi ni wa waridi, kila shavu jeupe,
kila kidonda kimeiva wekundu kama nyanya za Kirumba.
Natafuta ufizi mweusi, ule wa kwetu, mzima,
wenye mabaka kama zambarau zilizopondwa njiani.
Naupata mmoja, ukurasa wa mia tatu na tisa,
pembeni, mdogo kama stempu.
Nikamkumbuka Nyamizi, mke wa Malimi:
wiki mbili nilimsukutulisha dawa
kuitibu rangi aliyozaliwa nayo.

Cha pili michoro mitupu. Mkono wa fundi, sikatai,
jino limepasuliwa kama papai, neva zimepakwa njano.
Lakini ugonjwa haujichori. Hauji na mishale
wala majina yaliyopangwa pembeni.
Unakuja saa nane mchana, mgongoni mwa mama,
unanuka homa na maziwa yaliyoganda,
na foleni bado imefika mlangoni.

"Dada, unatafuta ugonjwa gani hasa?"
"Natafuta ule nilioupita."

Hakuelewa. Akaendelea kupanga kalamu.

Alikuwa na miaka sita, Lugwisha.
Shavu la kushoto limejaa kama amefumbata kiazi.
Magego yanacheza. Nikasema: jipu la jino.
Nikang'oa moja. Wiki iliyofuata, la pili.
Yalitoka bila kushindana nami,
na hilo pekee lilipaswa kuniambia.
Jicho lilipoanza kusukumwa juu
ndipo nikaandika rufaa ya Bugando.
Daktari wa kule hakunigombeza. Alinirudishia karatasi
na jina la uvimbe kwa herufi kubwa,
amelipigia mstari mara mbili.

Yu hai. Nasema haraka, kabla hujauliza.
Hupita nje ya zahanati, taya limepinda upande,
na hanisalimii.

Cha tatu kimetumika. Jalada limeshikwa na gundi,
jina la mwenyewe wa kwanza limefutwa kwa wino,
ukurasa wa kumi na moja una duara la kikombe cha chai.
Nikakifungua kutoka nyuma, kama nisomavyo magazeti.
Na hapo alikuwepo. Si yeye, mtoto mwingine,
shavu lile lile, kushoto vile vile,
macho yamezibwa kwa utepe mweusi,
shati la shule limefungwa vifungo hadi shingoni,
maana mama yake alijua leo kuna kupigwa picha.
Chini yake, kwa penseli iliyofifia,
mwandiko wa yule aliyefuta jina:
Usikimbilie kung'oa.

Elfu sabini na tano. Sikuomba apunguze.

Melini nilikifungua magotini.
Mama mmoja, ndoo mbili za dagaa miguuni,
alichungulia, kwanza kwa pembe ya jicho,
kisha bila haya. Akageuza kurasa mwenyewe.
Akaweka kidole kwenye picha ya ulimi,
ule weupe usiofutika hata ukisugua kwa kitambaa.
"Huu," akasema, "ninao tangu tulipopanda mpunga."
Kinywa jumba la maneno, wanasema.
Huu ulikaa humo msimu mzima bila neno lake.

Nikamgeuzia kwenye jua, nikamwambia aachame.
Nilipoinua kichwa, abiria watatu
walikuwa wamejipanga nyuma yake,
wa mwisho ameshika shavu.